Jinsi ya Kumfunza Msomaji Asiyelala Kuijua Kindu

Ukitaka kompyuta iijue Kindu, mji wetu wa Maniema huku Kongo, usiihubirie. Ipe mifano. Ndivyo walivyofanya Tom Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Januari 2010, walipowasha NELL, programu iliyosoma kurasa za intaneti usiku na mchana. Kila kundi la vitu lilipewa mifano 10 hadi 15 tu, mingine programu ikajitafutia.

Basi nawe iandikie kompyuta yako: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi, Punia. Hizo ndizo teritware 7 za jimbo la Maniema. Itachungulia maneno gani huzunguka majina hayo, kisha itatumia maneno hayo hayo kunasa mengine. Jioni itakuletea Fizi na Walikale kwa furaha. Ipongeze, maana ni teritware kweli, halafu iambie ni za Kivu.

Usiende mbali. Mwanafunzi huyu akikosea, hukosea kwa bidii. NELL ilikutana na kuki za intaneti, vile vijifaili vya kivinjari, na kwa kuwa kwa Kiingereza neno hilo ni biskuti pia, ikaziweka pamoja na mikate na keki. Baadaye ikasoma kwamba watu hufuta kuki na hufuta faili, ikakata shauri: faili nazo huokwa! Kosa moja lilizaa jingine, mpaka binadamu wakaingia kusafisha.

Sasa ngoja ifike Kasuku. Maandishi ya Kiswahili kutoka pwani hadi bara yataiambia huyo ni ndege. Wewe unajua Kasuku ni komini ya mji wetu, kama Mikelenge, kama Alunguli ng'ambo ya mto. Ukichelewa kusahihisha, komini zote tatu zitaota mabawa na meya atakabidhiwa tundu.

Hatua ngumu ndiyo hii, na hapa naomba tusifanye ajizi. Msomaji huyu huamini zaidi linalorudiwa kwenye kurasa nyingi. Akiulizia Kindu, mapema atakutana na Novemba 1961, pale wanajeshi 13 wa anga wa Italia, waliotumikia Umoja wa Mataifa, walipouawa hapa. Jambo hilo lilitokea, na lisifichwe. Lakini mji uliobaki na habari moja tu machoni pa ulimwengu umedhulumiwa, na dhuluma hiyo mashine itaifundisha wengine.

Kwa hiyo andika. Andika kwamba reli itokayo kusini inakomea Kindu, mizigo ikashushwa na kupakiwa kwenye maboti yashukayo Lualaba hadi Ubundu, ambako treni nyingine huipokea kuipitisha kando ya maporomoko mpaka Kisangani. Andika nani anauza samaki gatini, anawaitaje, anawakausha vipi. Tumia Kiswahili chetu cha Maniema, kile cha sokoni, usikipige pasi. Taja komini, taja mwaka. Kisha mwombe jirani wa Alunguli aandike jambo hilo hilo kwa maneno yake, kwa sababu ushahidi wa mtu mmoja msomaji huyu huutilia shaka.