Barua ya wazi kutoka juu ya kichuguu

Kwa Waheshimiwa mnaotunga na kusimamia sheria za simu, data na mambo yote ya dijitali, Kinshasa.

Wakubwa wetu,

Salamu nyingi kutoka njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Sisi wazima, isipokuwa rezo, mtandao wetu wa simu, ambayo inaumwa tangu tuijue.

Tumefurahi sana kusikia kwamba tuna Kanuni ya Dijitali. Ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, na sisi ilitufikia kwa pikipiki: mgeni mmoja alikuja nayo ndani ya simu yake kutoka Kindu, akatusomea kwa Kifaransa, nasi tukaitikia kwa vichwa. Alipofika kwenye data binafsi tulimwomba arudie. Kumbe jina langu, ugonjwa wangu na pesa zangu ni vitu vinavyolindwa; mtu asivikusanye hivi hivi bila ridhaa yangu, na kuna mamlaka iliyoandikiwa kazi hiyo. Mzee mmoja aliuliza kama inalinda na mbuzi. Mgeni akasema hapana.

Basi ninaleta mashitaka.

Kijijini kwetu rezo iko mahali pamoja tu: juu ya kichuguu nyuma ya shule. Wala si kichuguu chote. Ni ubavu wa mashariki, ukisimama kwa mguu mmoja, simu umeiinua juu ya sikio la kushoto. Sauti inakuja na kukatika, kwa hiyo lazima upige kelele. Wenye simu ni wengi na kichuguu ni kimoja, kwa hiyo chini kuna foleni. Ndiyo maana ninajua, bila kutaka, kwamba jirani yangu anadaiwa na shemeji yake aliyeko Lubumbashi, kwamba mwalimu ana bawasiri, na kwamba yule kijana anayejifanya tajiri alitumiwa faranga elfu tano tu kutoka machimbo ya Salamabila. Namba yake ya siri ya kutolea pesa naijua pia. Sitaiandika hapa, nami ni mtu wa sheria. Wao wanajua yangu.

Naomba mtutumie afisa wa kulinda data, wa kudumu, akae chini ya kichuguu. Aje na meza, muhuri na pamba. Kabla mtu hajapanda, afisa awapange wasikilizaji mstari mmoja, amweleze kila mmoja kwa lugha anayoielewa ni mambo gani yatasikika, yatasikika kwa sababu gani, na yatakaa kichwani kwa siku ngapi. Aliyeridhia aweke kidole gumba kwenye fomu, nakala tatu. Asiyeridhia azibwe masikio kwa pamba ya serikali. Simu ikikatika katikati, na itakatika, fomu zote zimekufa, tuanze upya. Wenye kumbukumbu kali, nikianza na mama mkwe wangu, wapangiwe tarehe ya kusahau na waifuate. Mchwa nao wapewe leseni, kwa maana ndio waliotujengea mnara pekee tulio nao, bila zabuni na bila kwenda semina. Nyumba ya afisa tutajenga sisi. Mshahara wake muutume ninyi kwa simu. Siku ya kuupokea apange foleni, na sisi tutaziba masikio yetu wenyewe, kwa heshima.

Mengine ni madogo. Kuanzia Septemba 2020 mlitukata RAM, ada ya kusajili simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G, ikichotwa kwenye inite zetu, salio la simu, kwa mafungu sita. Mlisema ni vita dhidi ya simu bandia na za wizi. Hapa kwetu sijaona simu hata moja ya wizi iliyorudi. Wabunge walipiga kelele Oktoba 2021, nayo RAM ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Asante. Inite hizo zirudi kwa njia ileile, mafungu sita, usiku, bila kuaga. Siku za kukatwa, rezo ilitupata mpaka shambani.

Wala hatuna kinyongo na ile intaneti iliyozimwa nchi nzima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, karibu siku 20. Kinshasa walilia. Sisi tulipata habari Februari.

Mwaka jana, usiku wa mvua, muuguzi alipanda kichuguu kilekile kutafuta pikipiki ya kumpeleka mama mwenye uchungu Kasongo. Alipiga mpaka betri ikaisha. Mtoto hakuishi. Msiniambie habari za data. Yule hakupata hata jina la kulindwa. Hesabu ya mwisho ya watu wa nchi hii ni ya 1984, na leo mnalinda habari za watu ambao hamjui wako wangapi! Sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 inataja mfuko wa kufikisha mawasiliano vijijini. Mnara uko wapi?

Mnisamehe. Nimepaza sauti, ni mazoea ya kichuguu.

Limebaki jambo la laini yangu. Imefungwa tangu mwezi uliopita, eti haikusajiliwa sawasawa. Ili isajiliwe, nilete kitambulisho. Kitambulisho nilicho nacho ni kadi ya kura, na kadi yangu, kama za wengi waliozipata mwaka ule wa 2023, imejifuta yenyewe. Imebaki plastiki nyeupe na kivuli cha kichwa. Kijana wa kibandani aliigeuza mara mbili akaniuliza, "Baba, huyu ni nani?" Kadi mpya ya taifa, ile ya kwanza, alikabidhiwa Rais tarehe 30 Juni 2023. Nasubiri zamu yangu.

Kwa hiyo barua hii inakuja kwa karatasi. Enzi za Tippu Tip barua za Kiswahili zilitoka Kasongo kwa miguu ya wapagazi mpaka Unguja. Bwana yule aliuza watu wetu, lakini barua zake zilifika.

Jibu lenu mpeni msafiri yeyote anayekuja Kasongo. Msinipigie simu.