Kamati ya Laptopu

Handeni, zawadi ikishazidi bei ya mbuzi wawili haiwi tena siri ya mtoaji na mpokeaji. Inapata mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Nilimwambia dada yangu, yeye peke yake, kwamba nataka kumnunulia mwanawe laptopu ya kutengenezea muziki. Kufika swala ya isha, kundi la WhatsApp lilikuwa limeshafunguliwa, limewekwa picha ya mpwa wangu akiwa na sare ya shule, na baba yake mkubwa ameshatuma ujumbe wa sauti uliojaa dua, historia ya ukoo na swali moja la maana: "Hiyo mashine inakula umeme kiasi gani?"

Uenyekiti uliniangukia mimi bila kura. Wazigua kwa asili yao huhesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana mzigo wake juu ya mpwa, hata kama mpwa mwenyewe anatengeneza singeli. Na huyu anatengeneza singeli. Muziki huo ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Tandale na Manzese huko, na biti lake huvuka mapigo 200 kwa dakika, yaani moyo wa mtu anayekimbizwa na nyuki. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio moja ya Mburahati, na tangu hapo kuna Wazungu wanaoruka singeli mpaka asubuhi. Mama yangu, hapa Chanika ya Handeni, bado anauliza kama mjukuu wake ana homa.

Kijana alikuwa akitunga biti zake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alipoulizwa anataka laptopu ya namna gani, aliandika kwenye karatasi: Core i5, RAM 8, SSD 256. Ilikuwa hati pekee iliyoeleweka katika shughuli hii nzima, na ndiyo iliyopigwa marekebisho kuliko zote. Baba mkubwa aliisoma akashika kidevu, akauliza kwa upole vipimo hivyo vimetoka hospitali gani. Mama mdogo, ambaye ni mwalimu, alitaka ihakikishwe kwamba mitihani ya darasa lake itachapika. Shangazi wa Mkata alisisitiza iwe na mdomo wa kuingizia CD, kwa sababu ana za harusi yake na redio yake imekufa. Neno muziki lilitajwa mara moja, kwenye dua ya kufunga kikao.

Tukapanda kosta kwenda Korogwe, kilomita 65 za lami, mjumbe mmoja kwa kila upande wa ukoo, na mama yangu akakaa mbele kwa dereva ili aone njia. Muuzaji alitupokea vizuri. Aliuza mashine zilizotumika kutoka Ulaya, zimefutwa vumbi zikang'aa, na akamtambua baba mkubwa papo hapo kuwa ndiye mtu wa kuzungumza naye.

"Mzee wangu, kijana anataka 256. Mimi nina ya 500, bei ileile."

Hapo kamati ilichangamka. Aliyezaliwa Uziguani akiambiwa gunia moja na magunia mawili bei moja, halafu akachagua gunia moja, huyo anatakiwa kuangaliwa. Mpwa alijaribu kueleza. Ile ya 500, alisema, ni diski ya kizamani, ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma juu yake. Programu ya muziki inadai ngoma, kinanda na sauti ya mwimbaji vyote kwa pamoja, na kichwa hicho kinabaki kukimbia huku na huko. SSD haina kinachozunguka. Na RAM ya ile ya 500 ilikuwa 4. Baba mkubwa, mweka hazina wetu, akamwambia asiwe na kiburi, apokee kikubwa ashukuru.

Aliyetuokoa ni mama. Mpwa alikuwa na flashi yenye kazi yake moja, akamwomba muuzaji aifungue kwenye mashine zote mbili. Ya 500 ilianza vizuri, ngoma ikaingia, kinanda kikaingia, halafu sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika tena.

"Mume wangu," mama akamwambia mjukuu wake, "hii inakohoa. Tuchukulie isiyokohoa."

Isiyokohoa ilitoka Ujerumani. Tukalipa shilingi 600,000, baada ya muuzaji kuapa kwa jina la Mungu na betri kwamba vyote viwili ni vya kuaminika.

Sasa kibodi za Kijerumani zina jambo lake: Z na Y zimebadilishana nafasi. Fundi aliyeweka programu aliipanga mashine kwa mtindo wa Kiingereza, basi ukibonyeza palipoandikwa Z inatoka Y, na ukibonyeza Y inatoka Z. Mpwa hakujali, kwake zile ni funguo za kinanda na anazipapasa kwa masikio. Lakini laptopu ikiingia nyumba ya Chanika inakuwa mali ya mtaa, na mtaa unaandika. Kadi ya mchango wa harusi ikatoka na salamu kutoka kwa "Wayee wa Ukoo". Jirani mmoja wa bodaboda akajichapia mwenyewe barua ya kuombea pikipiki yake iliyokamatwa, na ikasomeka "pikipiki zangu". Huko alikoipeleka wakamuuliza zile nyingine ziko wapi.

Msiba wenyewe, hata hivyo, uliletwa na programu. Maprodyuza wengi wa Bongo hufanyia kazi FL Studio, ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Toleo la majaribio ni la bure na lina ukarimu wenye meno: unatunga, unahifadhi, unatoa mpaka wimbo kamili ukausikiliza. Ila ukishaifunga, kazi uliyohifadhi haifunguki tena mpaka ulipie. Kwa hiyo mpwa hakuifunga. Laptopu ikakesha, siku baada ya siku, feni ikivuma, wimbo umefika robo tatu, na karatasi imebandikwa ukutani: USIGUSE. Betri tuliyoapiwa ilikuwa haishiki hata kwa dakika ya kutafuta kiberiti, uhai wote uko kwenye waya.

Ijumaa moja baba mkubwa alipita akielekea msikitini, akaona mikunjo kwenye kanzu yake, akaomba pasi. Chaja ya laptopu kama ile huvuta wati 65 hivi. Pasi huvuta 1,000 na zaidi. Uniti za LUKU zilizokuwa zimebaki zilitosha kola na mkono mmoja.

"Nilisema mimi," baba mkubwa akatamka gizani, "hiyo mashine inakula umeme."

Kamati ikaitishwa upya. Fundi alijitolea kuweka programu ya wizi kwa shilingi elfu kumi. Mama mdogo, aliyewahi kumkamata mtahiniwa na majibu ndani ya soksi, alimtazama mpaka akaondoka. Toleo la bei ya chini halirekodi sauti ya mwimbaji, na lile linalorekodi lilikaribia bei ya laptopu yenyewe. Tukachanga tena. Nililipa mtandaoni, mpwa akaandika namba alizotumiwa, na robo tatu ya wimbo ikafunguka.

Mweka hazina alifika jioni kukagua.

"Kitu chenyewe kiko wapi?"

"Kimo humo ndani, baba mkubwa."

Akainyanyua laptopu kwa mikono miwili, akaipima uzito, akamgeukia mwenyekiti.

"Haijaongezeka."

Nikamweleza kwamba inalipiwa mara moja tu, na matoleo mapya yatakuja bure maisha yote. Ndipo alipozidi kunitilia shaka. Alikaa na daftari mapajani muda mrefu, kalamu hewani, kwa sababu hawezi kuandika kuwa amepokea kitu ambacho hajakiona. Mwishowe aliandika, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani: *Matibabu ya laptopu. Mgonjwa anaendelea vizuri.*