Ngeli za Barabara ya Busia

Wahandisi huainisha vyombo kwa kuhesabu ekseli. Mfumo huo unaifaa mizani, hauifai Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Baada ya utafiti wa kina uliofanywa kwenye benchi la mama chai, hatua chache kutoka forodhani, napendekeza tuwarudie wanasarufi.

LI-YA. Lori, malori. Hii ndiyo ngeli ya ukubwa, na aliyechora barabara hii hakujua nyingine: upana, kona na maegesho vyote vimepimiwa lori. Sifa yake kuu ni kutokwenda. Hutoka Mombasa na haraka zake, likifika mpakani likalala, na dereva akatandika mkeka chini ya tela. Tangu Februari 2018, marais Kenyatta na Museveni walipozindua kituo cha pamoja hapa Busia, mhuri hugongwa upande unaouingia tu, na usingizi umepungua. Lakini malori ya njia ya Tororo hupitia Malaba, ambako mwaka 2020, madereva walipopimwa korona, foleni ilirefuka makumi ya kilomita.

I-ZI. Bodaboda. Nomino ya hapa hapa: miaka ya 1960 vijana walifunga mto nyuma ya baiskeli, wakavusha watu na mizigo yao kati ya vituo viwili vya mpaka, kutoka boda hadi boda. Kamusi husema bodaboda *inakuja*. Abiria husema bodaboda *anakuja*. Chombo kimemmeza mtu, na mchoraji naye hakumtengea mahali pa kusimama. Steji yake ni mti. Mti ukikatwa ili barabara ipanuliwe, steji nzima huhamia kivulini mwa lori, kisha tunalalamika kwamba bodaboda wameziba njia.

U-I. Mkokoteni. Jina limebeba kitenzi chake; breki ni kandambili.

KI-VI. Hapa sarufi yetu ina deni. Iliwatia kiwete na kipofu katika umbo la kiti na kijiko. Busia wameijibu kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono: watu wenye ulemavu wa miguu huvusha nazo bidhaa za wafanyabiashara, magunia yakiwa yamewapita kimo. Wao ni wasafirishaji kamili, ila ukingo wa lami ulioinuka kiganja kimoja tu unatosha kuwafungia duka.

PA-KU-MU. Mahali. PA ni hapa penye mhuri; KU ni kule kwa shilingi nyingine; MU ni mule mwa njia za panya. Kwa masikitiko ya kitaaluma naripoti kwamba MU, ambamo hakuna mhandisi aliyewahi kukanyaga, ndimo mwenye kivuli, vibanda vya mihogo na watu wanaoamkiana.

A-WA. Ngeli ya kwanza katika kila kitabu cha shule. Barabarani nimeitafuta tangu alfajiri. Kielelezo kimoja tu kimepatikana: mama mmoja mwenye trei mbili za mayai, amesimama ukingoni akingoja pengo kati ya malori. Pengo lilipotokea likazibwa na bodaboda watatu. Akaliona daftari langu.

“Mwalimu, acha kuandika. Nishikie hii moja, tuvuke.”