Kila Mtu Fundi, Tambara Hakuna

Ukitaka kujua Kimali, huku kwetu Meatu, ina mafundi wangapi, egesha gari linalovuja oili karibu na maduka. Muuza mitumba ni fundi. Wa bodaboda ni fundi, tena bingwa. Hata mzee aliyekuja kuuza mbuzi, ambaye chombo chake cha maisha yote ni mkokoteni wa ng'ombe, atainama, atalitazama tone, atatikisa kichwa, kisha atahukumu: “Oili sili ya nyuma hiyo, mwalimu. Shusha giaboksi.”

Kwa nini ya nyuma? Kwa sababu tone limedondoka nyuma. Elimu yenyewe imeishia hapo.

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L, na umri wake umeuzidi mkoa wetu. Simiyu imezaliwa 2012. Gari hili lilikuwa likibeba pamba wakati sisi wa Meatu bado tunaandika “Mkoa wa Shinyanga” kwenye barua. Kwa umri huo sitegemei liwe kavu. Mpira ukikaa jirani na moto miaka yote hiyo lazima ukakamae na kupasuka. Na uzee sina ugomvi. Ugomvi wangu ni wa tambara.

Huu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania nzima. Msimu wa kuuza ukifika, pamba inanasa hadi kwenye miiba ya kando ya barabara. Lakini anzia Mwanhuzi mpaka Bariadi, mwombe fundi tambara aifute injini kwanza ndipo atafute kunakovuja. Atakutazama kana kwamba umemwomba akupigie pasi shati. Kufuta hafuti. Anagusa kwa kidole, ananusa, anakuandikia orodha ya vipuri. Mmoja alinikataza kabisa kuosha: “Usioshe, mzee wangu. Hilo vumbi ndilo limeziba.” Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakusema uongo mtupu.

Basi giaboksi ikashushwa. Sili mpya ikawekwa, na klachi juu yake, maana “tukishafungua, mzee, tumalizane nayo”. Kesho yake tone liko palepale. Fundi akasema sili ilikuwa feki. Feki ndiye mtuhumiwa pekee nchini asiyewahi kufika mbele ya hakimu kujitetea.

Aliyenitoa kwenye kesi hiyo ni binti mmoja aliyehitimu VETA, na cha kwanza alichoomba ni tambara. Nilitaka kumkumbatia. Akaifunika altaneta kwa mfuko wa plastiki, akasugua injini kwa brashi na dizeli, akamalizia kwa maji ya sabuni. Ilipokauka akataka unga mweupe. Nikamtolea chaki, zile zinazotengenezwa pale Maswa. Akazisaga, akapuliza vumbi lake kwenye injini yote, akawasha. Chaki kavu ni shahidi asiyehongeka: oili ikipita, mstari mweusi unajichora.

Mstari haukuanzia nyuma. Ulianzia mbele, juu, kwenye altaneta. Akanieleza. Injini ya petroli ina mvuto wake wa hewa unaosaidia breki. Dizeli ya aina hii haina, kwa hiyo hufungiwa pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini: inaingia kwa presha, inarudi kwenye sampo kwa mpira. Mpira wa kurudishia ulikuwa umepasuka. Oili ilikuwa ikiteremka ubavuni mwa injini, feni na upepo wa safari vinaisukuma, inalamba sampo, inakwenda kuning'inia pale injini inapoungana na giaboksi. Pale pale walipoinama mabingwa wote.

Kijana mmoja akaleta kipande cha mpira wa maji ya rejeta, eti kinatosha. Binti akakikataa, oili ya moto hulainisha mpira wa aina hiyo ukavimba kama mkate kwenye chai. Tukasubiri mpira wa oili utoke Bariadi. Wakati huo akafungua bomba la kupumulia la tapeti kava, akatoa masizi ya kutosha kupikia lami. Injini isipopumua, alisema, presha hutafuta pa kutokea, na sili hata ingekuwa mpya hutemwa. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma aone moshi: kidogo tu, ringi bado zina uhai.

Mwisho akafungua kava la mbele kuangalia mkanda wa taimingi. Mkavu. Hapo ndipo pa kuogopa, maana sili ya mbele ikivujia mkanda, mkanda hulainika, hukatika, na valvu zinagongana na pistoni. Hiyo ndiyo inayoua injini, na hakuna hata mmoja pale madukani aliyewahi kuitaja. Haidondoki chini wakaiona.

Sasa gari ni kavu, na nimepata adui. Mzee jirani alikuwa akiweka kopo lake chini ya pikapu yangu kila jioni. Oili chafu anapaka ekseli ya mkokoteni na nguzo za zizi, mchwa wasile. Juzi alilichukua kopo, akalichungulia ndani, akaja mpaka mlangoni.

“Mwalimu, shikamoo sikupi leo. Hiyo ya giaboksi nayo, umeshaiziba?”