Mbwa Mmoja, Maji Mara Saba

Abiria wote wakihamia upande mmoja kwa wakati mmoja, boti hulala. Jambo hili nilikuwa nikilijua kwa kusikia tu. Alhamisi iliyopita nimelijua kwa makalio, maana upande ule mwingine, ulioinuka kama unataka kunimwaga, nilibaki peke yangu na kikapu changu, na ndani ya kikapu, chini ya leso ya mke wangu, kiumbe cha kilo mbili kasoro kilikuwa kikipiga chafya.

"Ami," nahodha aliniita, mashine ameipunguza, "umepakia nini humo?"

"Paka," nikasema.

Paka akabweka.

Tulikuwa katikati ya mkondo, Shimoni nyuma yetu na Mkwiro mbele, na kaskazi inaturushia rasharasha. Kina mama waliokuwa wamekalia magunia ya unga walikwisha simama juu ya magunia. Kuku wawili waliofungwa miguu waliachwa chini wajitetee wenyewe. Kijana mmoja ambaye kuogelea nimemfundisha mimi alipanda ukingoni akashika bomba la turubai, mguu mmoja unaning'inia juu ya bahari, kama kwamba papa ni afadhali. "Jamani, ni mtoto huyu," nikawaambia, "hata meno hayajatimia." Mama mmoja akanijibu kwamba najisi haihesabu meno.

Alisema kweli, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu tangu siku hiyo nimelisoma jambo hili mpaka nimelipenda. Najisi kwetu sisi Mashafii, ambao ndio wengi katika mwambao huu, ina daraja tatu. Hafifu ni mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na hajala chochote isipokuwa maziwa: unanyunyizia maji, yamekwisha. Ya kati ndiyo hii tunayoishi nayo kila siku, damu na choo na jamaa zao: unaosha mpaka iondoke. Nzito ina wenyewe wawili tu, nguruwe na mbwa, nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini tazama uzuri wa sheria. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna lililotokea. Jipanguse, nenda ukaswali. Kinachosafirisha najisi ni majimaji. Awe mbwa ndiye aliyelowa, au iwe nguo, mmoja wao akiwa na unyevu tu, hesabu ya saba imeanza.

Sasa jaribu kuitumia sheria hiyo ndani ya boti ya faiba wakati wa kaskazi, ambapo hata mawazo ya abiria yana chumvi. Ubishi ulizuka wa nani amelowa na nani bado, na kila aliyenyosha mkono kuipima nguo ya mwenziwe alimlowesha. Nilijaribu kuokoa hali kwa elimu. Nikasema kwa Imamu Malik mbwa aliye hai ni twahara. Nahodha akasema Imamu Malik hapandi boti yake.

Nikatoa silaha ya mwisho, jina. Mbwa huyu nilikuwa nimemwita Kitmiri, makusudi kabisa, kwa yule mbwa wa Watu wa Pangoni katika Surat al-Kahf, ambaye wafasiri wengi wa zamani wamempa jina hilo. Nilidhani mbwa mwenye jina la tafsiri hafukuzwi chomboni. Mzee mmoja aliyekuwa amevaa kanzu mpya, iliyodariziwa shingoni, alijikongoja kutoka upande wa wengi ili anisahihishe kwa karibu. Alikuwa akienda kushuhudia ndoa baada ya laasiri. "Yule," akasema, kidole juu, "alilala kizingitini, miguu ameinyosha. Hakutiwa kikapuni akafunikwa leso."

Wakati anasema "leso", upepo ulilishika pindo la kanzu ukalileta kikapuni. Ulimi ukatoka. Mdogo, wa rangi ya waridi, hauzidi jani la mrehani. Ukapita kwenye lile pindo mara moja, taratibu, kama fundi cherehani anavyolowesha uzi kabla ya kuutia sindanoni.

Sijapata kusikia boti ya Mkwiro ikinyamaza namna ile.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye kipimo. Kitinda mimba wetu alitaka mbwa, alimwona katika simu ya mtu. Mke wangu alitoa masharti mawili: awe na kazi, maana mbwa wa ulinzi au wa kuwinda ana nafasi yake katika dini na mbwa wa kubembelezwa hana, na asizidi paka. Kazi nilimtafutia upesi. Angelinda ng'onda wanaoanikwa uani dhidi ya kunguru. Kuhusu ukubwa, nilikaa na simu wiki nzima, na hapo ndipo nilipopotelea.

Sikujua kwamba mbwa wadogo wengi ni watu wa kazi. Yule mrefu kama chupa ya soda iliyolazwa, Wajerumani walimtengeneza aingie shimoni kumfuata mnyama wa jamii ya nyegere, na miguu yake mifupi si ulemavu, ni zana. Yorkshire mwenye nywele za hariri, anayefungwa utepe utosini, alianza maisha akikamata panya katika viwanda na migodi ya kaskazini mwa Uingereza. Chihuahua, ambaye hazidi kilo tatu hivi, ana jina la jimbo la Meksiko. Na yupo Pekingese, mbwa wa majumba ya wafalme wa China. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipopora kasri la kiangazi karibu na Beijing, mbwa watano wa aina hiyo walichukuliwa pamoja na vyombo, na mmoja akapelekwa kwa Malkia Victoria. Wakampa jina Looty, yaani wa nyara. Hawakuona haya hata kidogo. Mimi namwita mbwa wangu kwa jina la pangoni nakaripiwa botini, wao walimwita wa kwao Mali-ya-Wizi akaishi kwa malkia.

Moyo wangu hata hivyo ulituama kwa basenji, wa misitu ya Kongo. Si mdogo sana, ana kilo kumi hivi, lakini habweki. Hutoa sauti ya kuimbaimba, na wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo porini. Hebu fikiria: mbwa asiyebweka, katika kijiji chetu! Ningekaa naye mwaka mzima jirani akidhani nafuga kitu kingine. Na jina lake, wasemao husema, ni neno hilihili letu la washenzi, kama mabwana wa kikoloni walivyoita "mbwa shenzi" kila mbwa asiyetoka kwao. Leo huyo mshenzi anauzwa Ulaya kwa bei ya ng'ombe.

Basenji Ukunda hakuna. Aliyekuwapo alikuwa mwuzaji mwenye sanduku la kadibodi, akaapa kwamba kilichomo ni Yorkshire, "amechanganyika kidogo tu, bosi, upande wa baba," na kwamba hatavuka hapa, akanionyesha katikati ya muundi wake. Nikalipa. Muundi wa mtu huyo, sasa nakumbuka, ulikuwa mrefu.

Turudi pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi tushuke na kutembea majini. Mzee aliikunja kanzu yake hadi magotini isiguswe na maji ya chumvi yakaitia madoa, akapita mbele, na kijiji chote tayari kina habari. Sijui ilivuka vipi kabla yetu. Nikamwomba twende kwangu, nami niioshe kanzu kwa mikono yangu kama sheria inavyotaka, mara saba. Nilitaka kuonyesha uungwana. Nilisahau tunaishi wapi.

Kisiwa chetu cha Wasini ni jiwe. Matumbawe ya kale yaliyobaki juu, hakuna mto, na ukichimba unaikuta bahari ileile uliyoiacha pwani. Maji ya kunywa ni ya mvua: yanateremka juu ya paa au sakafu ya saruji, yanaingia katika jabia, na familia yote inaishi kwa kukitazama kina chake kama wengine wanavyotazama salio benki. Masika yakichelewa, jabia linabaki na kiwingu cha matope na chura mmoja mwenye huzuni. Hapo maji yanakuja kwa boti, katika mitungi ya lita 20, na unalipa mara mbili, maji yenyewe na nauli yake. Maji kwetu ni abiria.

Nilitumia mitungi miwili na nusu. Beseni la kwanza, la pili. La tatu liwe la udongo, na udongo Mkwiro nao ni wa kutafuta. Nikachota katika chungu cha asumini cha mke wangu, udongo mwekundu mzuri aliouletewa kutoka bara. La nne, la tano. Mke wangu alisimama mlangoni akihesabu pamoja nami, bila sauti, midomo tu. Mke wangu akinyamaza, hesabu yake ina riba.

Nikiwa beseni la sita nilikumbuka kitu nilichokiona Diani mwaka jana, na kicheko kikaniishia. Mtunza bustani alikuwa akimwosha mbwa mdogo mweupe wa bosi wake kwa mpira wa bomba. Shampuu mara mbili. Maji yalikuwa yakimwagika tu juu ya nyasi, na alipogeuka kutafuta taulo hakuufunga mpira. Nyuma yake kulikuwa na kidimbwi cha kuogelea ambacho hakuna aliyekuwa akiogelea ndani yake. Chemchemi za Marere ziko katika milima ya Shimba, Kwale hiihii yetu, na bomba lake lilivutwa tangu zama za Mwingereza kwenda kunywesha Mombasa. Maji ya Kwale yanajua njia ya kuvuka ghuba yakafika mjini. Njia ya kuja kwetu ndiyo kila mwaka wa uchaguzi huja kuchorwa upya, na mwanangu mwaka wote ule anaoga kwa kata mbili, ya pili ikiwa nusu. Mbwa yule mweupe alikuwa na taulo lenye jina lake. Sina ugomvi naye. Nina ugomvi, basi, na sijui niupeleke dirisha gani.

Kanzu ilitoka beseni la saba ikiwa twahara kabisa, na rangi ya chai ya maziwa.

Maalim alipita akielekea msikitini, akaiona kwenye kamba inavyodondoka. Akauliza, akaelezwa, akatutazama sote wawili kwa muda. "Kwani nyinyi mmekuja kwa miguu?" akasema. "Hamkuwa baharini? Maji ya bahari ni twahara na yanatwaharisha. Angeliliachia pindo likapitiwa na mawimbi saba, moja mkalipaka udongo, mngefika hapa mmeshamaliza." Akaendelea na njia yake. Mzee akaliangalia goti lake kavu. Mke wangu akaiangalia mitungi.

Ndoa ilishuhudiwa kwa kanzu yangu, iliyomfika chini kidogo ya magoti, na picha zipo.

Ijumaa alfajiri Kitmiri aliiitikia adhana, kwa mlio mrefu, kutoka nyumbani kwangu.

Jumamosi kunguru walikuja uani, akawapisha, kisha wakala ng'onda pamoja.

Jumapili nilimtumia picha rafiki yangu mmoja wa Ukunda anayejua mbwa. Akaniambia nimpige picha nyayo. Mtoto wa mbwa, akaeleza, husomwa miguuni: mbwa mdogo ana nyayo ndogo tangu mwanzo, na akifika mwaka amekwisha kukua, mwenye nyayo kama visosi bado ana safari. Alizitazama nyayo za Kitmiri. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama nina nyumba nyingine.

Kwa hiyo natangaza. Yupo mtoto wa mbwa, dume, rangi ya mchanga, anakula kila kitu, haogopi bahari wala mashekhe. Anatolewa bure, na leso juu. Akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, hilo lisisahauliwe. Shimoni simleti: nahodha wetu na wenziwe wote wamekubaliana, na kwa jambo lolote lingine sijapata kuwaona wakikubaliana. Anayemtaka avuke kwa chombo chake, aje maji yakijaa, na mtungi wake wa maji aje nao.