Nge wa Kiingereza

Kiswahili kimetupa nge mmoja tu, mdogo, naye anauma pande zote mbili: ningekuwa na hela, ningelipa. Basi, kwisha. Anayekusikia anajua papo hapo kwamba hela huna na kulipa hulipi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, alitutungia Kusadikika, nchi nzima isiyokuwepo, ikining'inia angani, na hakuazima "if" ya mtu.

Mimi ilinibidi niazime. Nilitaka kazi ya kuongoza watalii kwenye mapango ya Amboni, kilomita kama nane kutoka mjini, na huwezi kumwambia mgeni "ungeingia humo bila tochi ungepotea" kwa kumpungia mikono. Nikajiunga na kozi ya jioni. Mwalimu akaandika ubaoni: "If I were you." Nikanyoosha kidole. Mimi ni mmoja, hiyo "were" ya watu wengi imetoka wapi? Akajibu, "Kwa sababu mimi siwezi kuwa wewe." Nikakaa. Hadi leo sijui kama nilielimishwa au nilitukanwa.

Iliyonitesa zaidi ni "had". Mwingereza kitu asichokuwa nacho leo hukisemea jana. Hela sina sasa hivi, lakini nitamke kama kwamba nilikuwa nazo! Mwalimu akatuagiza tufanye mazoezi kwa sauti, popote tulipo, na sentensi tuzitoe katika maisha yetu wenyewe.

Maisha yangu yalikuwa ndani ya daftari la duka la mtaani kwetu Makorora: mchele, sukari, sabuni ya mche, jumla shilingi 18,500. Jioni hiyo nilikuwa narudi na baiskeli, nakanyaga taratibu, mdomo unakwenda: "If I had money, I would pay. If I had money..." Nikashtukia niko mbele ya duka, mzee mwenye duka kakaa barazani, na mjukuu wake wa kidato cha kwanza yuko pembeni na madaftari yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wasemaje huko?"

"Mazoezi tu, mzee."

Akamgeukia mjukuu. "Asemaje?"

Binti akafikiri, kalamu mdomoni. "Anasema alikuwa na hela, babu."

"Ehee! Na huko mbele?"

"Kuna kulipa. Ile 'would' ya katikati hatujafika."

Nikaanza kueleza. Hebu jaribu wewe kumfahamisha mtu anayekudai kwamba "nilikuwa na hela" maana yake ni sina. Kila nilipofafanua, deni likazidi kunona. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kwetu hatuna pupa, kisha akasema kwa sauti ya upole:

"Mwanangu, ningekuwa wewe, ningelipa."

Sentensi safi, haina doa. Mwalimu angempa alama zote.

Baiskeli ikalala barazani kwake, dhamana. Kesho yake nikaenda darasani kwa miguu, shati limenigandia mgongoni kwa joto, nafanya mazoezi: "If I had a bicycle, I would not be late." Na kwa mara ya kwanza ile "had" ikanikaa vizuri mdomoni. Si kweli nilikuwa nayo?