Ndoa Isiyosihi Mpaka Mtu Afe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu na taadhima zinazostahiki cheo chako, nakuarifu kuwa sisi huku Mombasa tu wazima wa afya, na khofu yetu ni juu yako tu, kwa kuwa tumesikia jinsi wewe na maofisa wako mnavyotaabika usiku na mchana kupambanua ndoa ya kweli na ndoa ya makaratasi, kazi ambayo hata mashangazi zetu, ambao katika mambo ya ndoa hapana mahakama iliyo juu yao, hawajapata kudai kuwa wanaiweza.

Sikuandikii kwa lawama. Wizara yako imejitwika dhima ya walii, ya mshenga na ya kungwi kwa pamoja, na hapana awezaye kusema kuwa imezembea. Mmeweka mahari: tangu mwaka 2012 mkaazi wa Uingereza aliyetaka kumleta mwenziwe kutoka ng'ambo alitakiwa awe na pato la paundi 18,600 kwa mwaka, na tangu Aprili 2024 kima hicho kimepanda hadi paundi 29,000, ambacho kingaliwekwa katika zama za wazee wetu, wengi wao wangalikufa makapera na mimi nisingekuwapo kukuandikia. Mmeweka miaka 5 ya kujaribiwa. Mmeweka na mtihani, mume chumba hiki na mke chumba kile, waulizwe nani alalaye upande wa ukutani, jana usiku walikula nini, na mswaki wa mwenzio una rangi gani. Ami yangu wa Lamu, Mungu amrehemu, aliyezeekea katika ndoa moja, angeulizwa rangi ya mswaki wa mkewe angedhani anavunjiwa heshima ya nyumba yake. Na kwa kuwa angekataa kujibu, ofisa wako angeandika kuwa ndoa ile ni ya uongo, na ami angerudishwa Lamu kwa mkewe yule yule.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni kuwa uhodari wenu wote huu wakoma mlangoni mwa kaburi. Ofisa wako anapoikataa ndoa, hakuibatilisha. Amezuia ruhusa ya makazi tu, na cheti chabaki cheti, na ndoa yabaki ndoa mpaka mahakama iivunje. Basi siku mmoja wa wale wawili anapokufa, karatasi ile ile iliyofukuzwa dirishani kwako kwa kashfa huenda ikasimama mbele ya mahakama ya mirathi imevaa kilemba, na ikaaminiwa. Yaani mtu huambiwa akiwa hai kuwa huyu si mkeo, na akiisha kuzikwa watoto wake wakaambiwa kuwa yule alikuwa mke wake hasa, tena ndiye wa kwanza katika mali yake.

Wala hili si ndoto ya mzee wa barazani. Mwaka 1954 mwanamke wa Kibelgiji aliyekhofu kufukuzwa nchini mwenu kwa sababu ya ukahaba aliolewa London na Mwingereza ambaye ujira wake ulikuwa paundi 50 na tikiti ya kwenda Afrika Kusini. Bibi akapata uraia, bwana akapata nauli, na kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1970, huko San Remo nchini Italia, bibi yule akaolewa na mmoja wa wale ndugu wa Messina waliojulikana London nzima kwa biashara hiyo hiyo ya ukahaba, na siku ile ile ya arusi mume akafa, akaacha mali Uingereza. Ili airithi kwa ujane wake, ilimpasa athibitishe kuwa ndoa ya mwaka 1954 haikuwa ndoa, na kwa mtu mwenye ushahidi wa paundi 50 na tikiti ya meli, ungedhani hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mahakama yenu ikamkatalia mwaka 1971. Akaenda kwao Ubelgiji, ambako sheria haioni haya kuiita ndoa ya uongo kwa jina lake, na mahakama ya huko ikaitangua ndoa ile tangu asili yake. Akarudi London na hukumu mkononi, na shauri hilo, ambalo wanasheria wanalijua kwa majina ya Vervaeke na Smith, likapanda mpaka kwa Malodi wenyewe, waliokuwa mahakama yenu ya juu kabisa siku zile, ambao mwaka 1982 waliikataa hukumu ya Ubelgiji na kushikilia kuwa waliokubali kwa hiari yao kufunga ndoa wamefunga ndoa, makusudio yao yawe yoyote yawayo.

Katika neno hili, Mheshimiwa, Malodi wenu wamekutana njia moja na mafakihi wetu wa Kishafii, ambao tangu zamani wamefundisha kuwa nikaha haina mzaha, na kwamba aozaye kwa dhihaka ameoza. Tofauti ni kuwa sisi tukiisha kusema imefungwa, imefungwa kwa uhai na kwa mauti, hali ninyi mmefungua ofisi mbili, moja ya walio hai na moja ya maiti, na hapana karani wa huku aliyepata kunywa chai na karani wa kule.

Nisije nikadhaniwa nawachukia wote waliooana kwa ajili ya pasi. Mwaka 1935 mshairi wenu W. H. Auden alimwoa Erika Mann, binti wa mwandishi Thomas Mann, aliyekuwa akiandamwa na Wanazi na ambaye mshairi huyo alikuwa hamjui. Na kwa kuwa siku zile mwanamke aliyeolewa na Mwingereza alikuwa Mwingereza papo hapo, hakuulizwa habari za mswaki. Hawakuishi pamoja, wala hawakuachana, na bibi yule alipofariki mwaka 1969 alimwachia Auden kitu kidogo katika wasia. Hiyo mimi naiita adabu, kwa sababu alichokipata mume yule alipewa na mwenye mali, hakupewa na kanuni.

Sasa nipige mfano wa kwetu, nao ni mfano tu, ingawa nachelea wako watakaousoma huku wakijipapasa mifukoni. Tuseme yuko bwana wa Mji wa Kale, ana mke, ana watoto, na mama yake yu hai. Anataka kwenda London, na dalali amemwambia kuwa huko mwenye mke akioa mwingine ni mhalifu kwa sheria ya mwaka 1861, basi na amwache mkewe kwanza, kwa makaratasi. Anamwambia mama watoto, "Usilie, hii ni karatasi tu," naye anasahau kuwa mafakihi wale wale waliokataa mzaha katika nikaha wameukataa katika talaka pia. Anakwenda, anafanya wasia akiwaachia mama yake na watoto kila atakachokipata, kisha anamwoa bibi mmoja kwa fedha walizopatana, anaendesha basi miaka mingi, ananunua nyumba ya thamani ya paundi 300,000, na anakufa.

Hapo ndipo warithi wake wanapojulishwa kuwa kwa sheria yenu ya mwaka 1837, mwaka ule ule Seyyid Said alipoutwaa mji wetu kutoka kwa watawala wa Kimazrui, arusi hufuta wasia ulioitangulia. Wamazrui walikwisha kusahau machungu yao; sheria hiyo bado iko kazini. Tume yenu ya Sheria ilipendekeza mwaka 2025 kuwa kanuni hii iondolewe, na maiti wetu wanangoja kwa subira, kwani hawana pengine pa kwenda. Na kwa kuwa marehemu sasa ni kama mtu asiye na wasia, mjane wa makaratasi apewa paundi 322,000 za mwanzo, na zikizidi apewa na nusu ya zilizobaki, ndipo watoto waingie. Nyumba ya paundi 300,000, ukiigawa kwa hesabu hiyo, haiwaachii watoto hata bawaba. Mama mzazi, ambaye katika faraidhi sudusi yake haiguswi na mtu, katika hesabu yenu hayumo kabisa. Mjane naye hatakiwi ila kitu kimoja, aishi siku 28 baada ya mumewe. Siku 28 ndizo mnazotaka mtu atangaze nia yake kabla ya kuoa, na wizara yako ikiwashuku wachumba huzifanya 70; lakini mtu akisharithi hapana shaka tena, na hapana anayemrefushia.

Watoto wanayo njia ya kuiokoa nyumba ile, nami naitaja ili uone jinsi sheria yenu ilivyo na huruma. Wathibitishe mahakamani kuwa baba yao, kabla ya arusi ya London, alimrejea mama yao kwa siri ndani ya eda, na kwa hiyo ndoa ya pili ilikuwa batili, na kwa hiyo wasia haukufutwa kamwe. Yaani ili wapate alichowaachia baba yao, inawapasa kwanza waape kuwa baba yao alikuwa mhalifu. Wakishindwa kuthibitisha, baba abaki mtu mwema na wao walale nje.

Na huku Mombasa kadhi naye ana lake. Ikiwa bibi wa London si Mwislamu, hana fungu katika shamba la minazi la Kisauni, na mama watoto, kama kweli alirejewa, ana thumuni yake na miezi minne na siku kumi za kukaa eda kwa ajili ya mume ambaye London yasema hakuwa wake. Wakati huo mjane wa London, ambaye huenda hakumbuki jina la marehemu mpaka asome cheti, atakuwa ameshaita dalali wa majumba.

Wala usidhani ni watu wetu peke yao wanaodhulumika. Tuseme bibi yule wa London ni Mwingereza aliyeuza jina lake kwa sababu ya madeni; akitangulia yeye kufa bila kuvunja ndoa, mume wa makaratasi ataingia mbele ya watoto wake katika nyumba aliyoachiwa na mamake. Na kwa kanuni zako mwenyewe, mgane kama huyo, akiwa alikwisha kupata ruhusa ya kukaa kama mume, aweza kuomba makazi ya kudumu papo hapo bila kuimaliza miaka 5, mradi aonyeshe kuwa ndoa ilikuwa hai mpaka siku ya msiba. Sijui ni nani atakayemshuhudia, maana shahidi wa pekee ndiye aliyezikwa.

Basi ombi langu ni dogo. Ofisa wako akiisha kuandika kuwa ndoa fulani ni ya uongo, na awekewe mbele yake karatasi ya pili, aandike na huko kwamba wawili hawa hawarithiani, atie sahihi na jina lake kamili, ili warithi wajue pa kumpata. Na mkono wake ukitetemeka katika karatasi ya pili, basi na aichane ya kwanza, awape watu ruhusa yao waende nyumbani. Ikiwa hili ni zito, namwomba walau awe akihudhuria mahakama ya mirathi na daftari lake la maswali, kwa kuwa maswali yale ya mswaki yangefaa zaidi kuulizwa huko.

Jibu lako nitalingoja kwa siku 28, na ukinishuku, 70.

Wasalaam,
Mimi mtiifu wako,
Mzee wa Baraza,
Mji wa Kale, Mombasa